Nani Atakula Mbata Zangu

Jumatatu, 26 Machi 1956

Leo Bwana DC kaniita bomani kunitaka shauri. Kanivutia kiti, kaniuliza: Mzee Bwanausi, watu wa Bagamoyo wakifa, akiba zao ziendeje?

Haya, hakuniita. Nilikuwa nimejikinga mvua kwenye ukumbi wa boma, akatoka, akaniambia nisogee apite. Nikasogea. Lakini alinitazama usoni, na mkubwa akikutazama usoni ni kama kakuuliza jambo.

Aliyesema habari ya akiba za wafu ni Karani wa Ushirika wetu wa mbata, hizi nazi tunazokausha kwa moshi. Kijana wa Bukoba, mgeni bado, jina lake refu, kila siku nalianza sijalimaliza. Alitukusanya ghalani, tukakaa juu ya magunia. Kasema kila mwanachama mwenye akiba anaweza kutaja mtu mmoja. Mmoja tu. Mwanachama akifa, yule aliyetajwa anakwenda na cheti cha kifo, anapewa akiba yote mkononi. Hakuna kwenda kwa Liwali, hakuna stempu, hakuna njoo kesho mpaka mjane naye afe. Majina yataandikwa kwenye mkutano wa mwaka, Jumamosi ya tarehe 7, kabla hatujaanza kufunga. Asiyetaja mtu, akiba yake itagawanywa kwa Liwali pamoja na mirathi yake nyingine.

Nimerudi nyumbani mbio. Nikamweleza mke wangu, Sihaba. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimama. Akagawa mirathi palepale, ungo mkononi, na mimi niliyesoma shule ya Mdachi mpaka mwalimu alipotambua sikuandikishwa, nilikuwa bado naitafuta hesabu. Nina mtoto mmoja tu, Ashatu, wa marehemu mke wangu wa kwanza. Yeye nusu. Sihaba thumuni. Kinachobaki chote kwa mdogo wangu Mwishehe. Maana yake Mwishehe, ambaye hajafua nazi hata moja tangu azaliwe, atapata mara tatu ya mke wangu.

Sihaba kasema: basi niandike mimi, Baba Ashatu. Kasema nyumba najua watagawana, siku ya arobaini Mwishehe ataanza kupima milango. Akiba ile ndiyo chumba changu cha uzeeni.

Nimemwahidi. Nitamwandika yeye. Hilo halina mjadala.

Ila mpaka tarehe 7 siku zipo. Na mimi, tangu nizaliwe, sijawahi kuwa na kitu ambacho kila mtu anakitaka. Moyo unanidunda kama wa bwana harusi.

Jumanne, 27 Machi

Nimeamka nikaenda Dunda kwa Mwishehe. Yeye ni fundi cherehani. Nikakaa kwenye kibao cha wateja, nikashusha pumzi ndefu, nikatazama juu. Akauliza nina nini. Nikasema nafikiria damu. Akauliza damu ya nani. Nikasema damu ni damu, mdogo wangu. Nikamwambia Karani alipotaja habari ya akiba, mtu wa kwanza kunijia kichwani ni yeye Mwishehe.

Hilo ni kweli tupu. Alinijia kichwani kwamba asipate.

Cherehani ikasimama. Akavua kofia, akanipa shikamoo kaka. Tangu tugombane kwa ajili ya minazi ya Kaole hajanipa shikamoo, hukohoa tu. Leo shikamoo nzima, na mkono wa pili kifuani. Nikaitika marahaba polepole, ili ikae.

Akanipima kanzu. Akauliza nataka darizi shingoni au hivihivi. Nikasema mtu wa umri wangu hatafuti mapambo, lakini kama uzi upo, uzi si wa kuoza bure.

Nimetoka pale natembea katikati ya njia.

Alhamisi, 29 Machi

Salamu zangu zilipanda lori la Kiwangwa juzi. Leo mkwe wangu Mrisho, mume wa Ashatu, kafika na mihogo na jogoo mwekundu mwenye kucha kama za chui. Mrisho ni mtu mpole, haulizi jambo mpaka alizunguke. Kaanza na mvua. Kaja kwenye mikorosho. Kapita kwenye afya yangu, kakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Nikamhurumia, nikamwambia: Mrisho mwanangu, mimi duniani nina mtoto mmoja tu.

Basi. Sikuongeza. Hilo nalo ni kweli. Nataka ijulikane kwamba katika mambo haya yote sijasema uongo hata mmoja.

Mrisho akatazama dari, tone likamwangukia jichoni. Kasema baba, hii nyumba inavuja. Nikasema mbona ndiyo naisikia kwako. Kasema atatafuta makuti, atakuja kuezeka mwenyewe kwa mikono yake.

Sihaba kamfunga jogoo kwenye mguu wa kitanda. Akauliza yule jogoo ni wa nini. Nikasema mapenzi ya mkwe. Akasema mapenzi hayo yana kucha ndefu. Halafu akauliza kama nimeshamwambia Karani jina. Nikasema mke wangu, mambo yana siku yake.

Jumamosi, 31 Machi

Kanzu imekwisha! Darizi ya hariri, shingo mpaka kifuani. Nimeivaa kwenda kunywa kahawa.

Hapo ndipo aliponikuta Mikidadi. Mikidadi ni Mnyamwezi wa hapahapa Bagamoyo. Babu yake alikuja na pembe za ndovu kichwani, akatua mzigo, akaoa. Kwa hiyo ni mtani wangu. Mimi na yeye hatuna haki ya kukasirikiana, tuna haki ya kutukanana. Ananiita mateka wake, namwita punda wa Mwarabu. Tunapendana sana, lakini hilo halisemwi.

Kaizunguka ile kanzu kama mnunuzi wa ng'ombe. Kauliza mbele ya watu: nani kamvisha maiti akamwacha atembee? Kasema siku nitakayokufa ataingia kaburini kabla yangu, atalala humo, hatoki mpaka wampe kanzu hii. Watu wakacheka, muuza kahawa akamwaga buli. Nikamjibu aingie tu, tutamfukia, na babu yake atafurahi maana hajawahi kumwona Mnyamwezi amepumzika.

Kisha akanifuata nyumbani, akamwona jogoo. Hapo nilipokosea ni kumpitisha chumbani.

Ndugu msomaji hujui, na hutajua maana daftari hili ni langu mwenyewe, lakini mwaka jana tulipomzika shangazi yangu Mikidadi aliuchukua mwavuli wangu palepale makaburini. Ni haki ya mtani, huchukua kitu cha wafiwa mpaka kikombolewe. Alisema atautoa kwa jogoo. Basi leo kamwona jogoo, kamfungua, kamtia kwapani. Nikamwambia haya, leta mwavuli. Kasema upo nyumbani kwake Nianjema, ataleta kesho.

Sihaba kanitazama. Kasema: mkwe kaleta jogoo, jogoo kakomboa mwavuli, mwavuli haupo, na jina langu halijaandikwa. Nikasema mwanamke huyu ana kumbukumbu mbaya kwa afya yake.

Jumatatu, 2 Aprili

Siku ya raha kuliko zote.

Mrisho kafika asubuhi na makuti mgongoni mwa punda wa kukodi, kapanda juu, kaezeka upande wa kitanda. Kabla hajashuka, Mwishehe huyo anapita kupeleka nguo za mtu. Kamwona Mrisho juu ya paa. Kasimama. Kauliza kijana wa Kiwangwa anafanya nini juu ya nyumba ya kaka yake. Nikasema anasaidia. Mwishehe kaondoka, sikumaliza kikombe akarudi na watu wawili na makuti bora kuliko yale, kasema yeye ataezeka upande wa ukumbi, na atatumia kamba mpya.

Basi wako juu wote wawili, kila mmoja upande wake, wanasabahiana kwa meno. Huyu akifunga fundo, yule anafunga mawili. Mimi chini na kanzu yangu, nasema hapo pana mwanga, na pale. Palikuwa hapana mwanga.

Saa ya kula wakashuka, wakakaa sinia moja. Mwishehe akanikonyeza. Nikamkonyeza. Mrisho akanikonyeza. Nikamkonyeza. Jicho langu la kushoto limechoka, nimeliwekea kitambaa cha maji.

Jioni mvua imenyesha, hakudondoka hata tone. Nikamwambia Sihaba aone alivyoolewa na mtu mwenye akili. Yeye alikuwa amelala chali anaangalia dari mpya. Kasema: upande huu wa mkweo, upande ule wa mdogo wako. Siku ukiondoka kila mtu atakuja kudai upande wake, mimi nitakaa wapi, chini ya kenchi?

Nikajifanya nakoroma.

Alhamisi, 5 Aprili

Sihaba leo hakwenda kwenye kichanja. Mbata ziko juu, moto haujawashwa. Nikauliza vipi. Akanyoosha mikono yake mbele yangu. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana imenikaa.

Kasema nitazame. Moshi umeingia kwenye ngozi, hautoki kwa sabuni wala limau. Nazi nafua mimi, napasua mimi, moto nakesha nao mimi. Wewe unapeleka gunia ghalani, unaandikiwa jina lako, unarudi na hadithi. Sijakuomba mirathi yako, Baba Ashatu. Mirathi ya Mungu nitachukua thumuni yangu nitashukuru. Hii si mirathi. Hii ni jasho langu limewekwa kwa jina lako, nataka lirudi.

Nikaenda msikitini kwa mwalimu, nikamweleza kama habari ya jirani mmoja. Kasema nimwambie huyo jirani kwamba kilicho haki ya mke ni haki yake kabla ya mirathi, si urithi huo. Akaongeza kwamba darizi ya jirani ni nzuri.

Basi nimeapa. Jumamosi namwandika Sihaba. Nimeshapanga na jinsi. Nitamnong'oneza Karani sikioni. Mwishehe atadhani ni yeye, Mrisho atadhani ni Ashatu, wataendelea kuniezekea mpaka nife, na siku ya kufa mimi sitakuwepo kusikia makelele. Shauri safi. Sijui kwa nini DC hakuniita kweli.

Jumamosi, 7 Aprili

Mistari ya leo imepinda. Kwa kucheka, nadhani.

Ghala lilijaa. Mwishehe kakaa mbele, naye ni mwanachama kwa ajili ya minazi ile aliyoninyang'anya. Mrisho si mwanachama, kasimama dirishani, kichwa ndani. Nilipoitwa nikamwinamia Karani, nikaanza kunong'ona. Karani kajitoa. Kasema kwa sauti ya shule: Mzee, jina hutajwa wazi mbele ya wanachama, ili wasije wakabishana baadaye.

Sikuambiwa hilo. Au niliambiwa, nilikuwa natazama kanzu.

Basi nimesimama. Mwishehe anatabasamu. Mrisho anatabasamu. Nikimtaja Sihaba, darizi itavuliwa mwilini mwangu mbele ya watu na makuti yatateremshwa leo hii na mvua yote hii. Nikimtaja mmoja wao, sina pa kulala. Ulimi ukawa kama kiatu.

Hapo akainuka Mikidadi, mwanachama mwenzetu, kutoka nyuma ya magunia. Kasema: Karani usimsumbue mateka wangu, andika mimi! Babu yangu alimwachilia babu yake kwa huruma tu, kwa hiyo huyu na nguo zake na mbata zake ni mali yangu, Mikidadi, na akifa nitamuuza na ngozi.

Ghala likalipuka. Watu wakapigana vibao vya migongo. Na mimi nikaiona njia, pana kama barabara ya Dar es Salaam. Nikasema kwa sauti: Ndiyo, Karani, andika huyo huyo, Mikidadi. Mrithi wangu mimi ni punda huyu, amezoea mizigo, abebe na huu.

Wakacheka mpaka mzee mmoja akatolewa nje kupata hewa. Mwishehe kacheka. Hata Mrisho dirishani kacheka. Hakuna aliyekasirika, maana kwa mtani hakuna hasira. Na Karani, kijana mzuri yule, akaingia kwenye mchezo. Hakucheka hata kidogo, kafanya uso wa kazi kabisa. Kamuuliza Mikidadi jina la baba yake, akaandika. Kaleta kidau cha wino, nikagandamiza dole gumba, maana ghalani hata ajuaye kuandika hugandamiza. Kaita mashahidi wawili, wakaja wanajifuta machozi, wakagandamiza. Watu wakasema mgeni huyu kaelewa utani mapema, atakaa sana Bagamoyo.

Nimetoka salama. Hakuna aliyejua lolote. Sihaba nitamwandikisha Jumatatu kwa siri.

Nilipofika nyumbani kauliza: umeniandika? Nikasema mambo yamekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia.

Jumapili, 8 Aprili

Hapana.

Nilikuwa nakunywa kahawa. Karani kapita kutoka kanisani na tai yake. Kanisalimu shikamoo, kasema Mzee, jana umefanya jambo zuri, watu wengi huwasahau marafiki. Nikacheka. Hakucheka. Nikacheka tena, nikimpa nafasi. Akabaki ananitazama kwa heshima.

Nikauliza taratibu: mwanangu, ile karatasi ya jana umeitupa wapi? Kasema ipo kwenye sanduku la chuma. Kesho kutwa itaondoka na lori la mbata kwenda Dar es Salaam.

Nikamweleza utani. Nikaanza na pembe za ndovu. Kasikiliza mpaka mwisho, akasema kwao Bukoba mtu akitaja mrithi wake mbele ya watu, ametaja mrithi wake. Kasema yeye aliuliza, mimi nikajibu, dole ni langu. Kasema jina hubadilishwa kwenye mkutano wa mwaka tu, mara moja kila mwaka. Ila karatasi ambayo haijatoka ghalani yaweza kuchanwa na kuandikwa nyingine, nikija mwenyewe na mashahidi wawili wanachama, kabla lori halijaondoka.

Nikakimbia Nianjema. Kwa umri wangu! Mikidadi alikuwa anakula vitafunio vya vunja jungu. Nikamweleza. Akatua kikombe, akachukua kamba ya kuanikia nguo, akaanza kunipima urefu, kichwani mpaka kisigino. Akaita jirani zake waje wamwone tajiri wa mbata. Nikamwambia Mikidadi, sasa nasema kweli. Kasema na yeye anasema kweli, nife kabla ya Ramadhani asije akafunga na njaa.

Ndiyo shida ya mtani. Umri wote huu sijawahi kumsikia akisema neno la kweli, wala yeye hajalisikia kwangu. Nikifa leo atampa Sihaba? Nadhani atampa. Nadhani. Lakini Mikidadi naye ana wake wawili na paa lake linavuja.

Nikarudi mjini kutafuta mashahidi. Kila mwanachama niliyemfuata na kumwambia wallahi nimemwandika Mikidadi, alianguka chini kwa kicheko. Mmoja kaniomba nirudie mkewe asikie. Nimelia kweli machozi mbele ya mzee wa msikiti, kasema Bwanausi, mwaka huu umejua kutuchangamsha.

Mwishehe peke yake hakucheka. Huyo ana kichwa cha biashara. Kaelewa mara moja. Kasema yuko tayari kuwa shahidi, kwa sharti jina jipya liwe lake.

Jumatatu, 9 Aprili

Sihaba kajua. Wanawake wa kisimani walikuwa wanasimulia mchezo wa ghalani, yeye akasimulia kwamba nilimwambia mambo yamekwenda vizuri, wakaanza kuunganisha.

Kaingia ndani, ndoo kichwani, hakuitua. Kauliza mara moja tu: umemwandika Mikidadi? Nikasema ilikuwa utani. Kasema mikono yangu hii ndiyo utani wenu? Nikasema sikukusudia. Kasema hukusudii, Baba Ashatu, ndiyo kazi yako ya maisha.

Akatua ndoo, akajitanda kanga, akatoka. Nilidhani anakwenda kwao. Nilikaa juu ya kitanda chini ya makuti ya Mrisho nikitega sikio arudi. Si kwa ajili ya chakula. Haya, na chakula pia.

Kumbe kaenda Nianjema. Nimesimuliwa na watu watatu na wote wanasema mamoja. Kaingia kwa Mikidadi bila hodi, kapita moja kwa moja chumbani, kakaa juu ya kitanda chake cha kamba. Kasema hiki kitanda nimekichukua. Mikidadi kauliza kwa haki gani. Kasema kwa haki ya mtani. Wewe ni mtani wa mume wangu tu? Mimi kwetu Wakwere, hamkutupita njiani na mizigo yenu? Au ulidhani utani ni wa wanaume wenye kanzu?

Mikidadi kacheka. Kasema akikomboe kwa kitu gani, jogoo? Sihaba kasema jogoo alishakuja kwako na mwavuli haujatoka, kwa hiyo jogoo wako haaminiki. Kitanda hiki kitatoka kwa dole lako gumba kesho asubuhi ghalani. Kabla ya hapo sitoki, na wake zako watalala wanapotaka.

Wake zake wakasema wao wako pamoja na Sihaba. Mmoja kamletea uji.

Wanasema Mikidadi kasema: shemeji, mimi nisingekula jasho lako. Sihaba kasema najua. Lakini mwanaume mwingine naye nilijua hivyohivyo, angalia nilipo. Njoo na dole.

Mikidadi akaapa mbele ya wake zake, wao wakabaki kukilinda kitanda, naye Sihaba kabla ya magharibi kapita kwa Mwishehe. Huko kasema maneno machache. Kasema shemeji Mwishehe, chagua: karatasi ikiondoka kesho, akiba ya kaka yako anaila Mnyamwezi, hupati hata uzi. Ikichanwa, hupati pia, lakini kanzu yako utarudishiwa, na hutachekwa kila Iddi. Mwishehe kafikiri mpaka cherehani ikapoa. Kakubali kwa ajili ya kutochekwa.

Sihaba karudi nyumbani. Kaniwekea chakula lakini kafunika na sahani nzito.

Jumanne, 10 Aprili

Yamekwisha, na kwa kweli nimeyamaliza vizuri.

Tulifika ghalani lori linapakiwa. Karani, ambaye sasa amejifunza, akatuuliza mmoja mmoja kama huu ni utani. Kamuuliza Mikidadi mara ya pili, maana alikuwa anatabasamu. Mikidadi kasema huo ndio uso wake. Karani akachana ile karatasi vipande vipande, akaandika mpya. Nikatamka wazi, Sihaba, mke wangu. Nikagandamiza. Mwishehe kagandamiza, Mikidadi kagandamiza. Karani akaitia na nyingine kwenye bahasha, bahasha ikapanda lori, lori likaondoka na moshi wake. Sihaba kasimama akalitazama mpaka likapinda. Kisha akavuta pumzi, sijamsikia akivuta pumzi namna ile tangu harusi yetu. Kasema haya, nakwenda kuwasha moto, mbata zitaoza.

Nilimtazama anavyokwenda mpaka naye akapinda.

Sasa. Nilipokuwa pale limenijia neno la Karani. Mara moja kila mwaka. Kila mwaka!

Mwishehe alikuwa bado anafuta wino kwenye dole. Nikamsogelea, nikamwambia kwamba damu ni damu, na mwaka haukosi mkutano. Alikuwa ameshika kanzu tayari, nimemvulia pale nyuma ya magunia. Akasimama nayo. Akaitazama, akanitazama. Akasema basi nikae nayo mpaka Iddi, tutaona. Nimeivaa tena.

Mrisho nimempelekea salamu kwa lori la Kiwangwa kwamba mimi duniani nina mtoto mmoja tu, na upande wa jikoni unavuja.

Na Mwajabu jirani, muuza vitumbua, ambaye hata si ndugu, nimepita kwake nikashusha pumzi ndefu nikatazama juu. Kauliza nina nini. Nikasema nafikiria ujirani. Kanipa vitumbua viwili, cha pili chenye hiliki nyingi.

Sijasema uongo hata mmoja. Kesho magharibi watu watatazama mwezi. Nitafunga kwa moyo mweupe.

Limebaki jambo moja dogo. Mikidadi, hujui kusoma, lakini yeyote atakayekusomea haya akuambie: jogoo ulimchukua, umemla, manyoya nimeyaona mlangoni kwako. Sasa hivi mvua inanyesha, na mimi niko kwenye ukumbi wa boma na kanzu ya hariri, na Bwana DC ananitazama tena nisogee. Niletee mwavuli wangu.